Nguvu za mama hurudi: dakika 50 kwa juma, bidoni moja na kiti kimoja



Juma hili tunaacha kidogo habari za watoto ili tuzungumze juu ya mwili wa mama mwenyewe, hasa mama aliyepita miaka hamsini. Swali letu ni moja: nguvu zikishapungua, zinaweza kurudi? Jibu ni ndiyo. Tena hazidai sali ya michezo, wala saa nzima kila asubuhi. Zinadai dakika 50 kwa juma, bidoni ya maji, kiti kisichoyumba na ukuta.

Ni jambo la nyumba nzima

Sisi walimu tunaona darasani jambo ambalo daftari la kuita majina halielezi. Msichana wa darasa la sita anaanza kukosa siku moja kwa juma, halafu mbili, halafu tatu. Ukiuliza, si mgonjwa, na hakufukuzwa kwa sababu ya pesa. Ni tate wake mwanamke ambaye hawezi tena kuinuka peke yake kutoka chooni. Lazima mtu abaki nyumbani wa kumshika mkono, na mtu huyo karibu kila mara ni msichana, si kaka yake.

Kwa hiyo mama anayetunza nguvu za miguu yake hafanyi anasa wala hajifanyi kijana. Analinda heshima yake, na analinda masomo ya mjukuu wake. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, maji yako chini ya kilima, mkeka uko chini, na jiko la makala liko chini pia. Siku nzima ya mama wa hapa ni kushuka na kuinuka. Anayeshindwa kuinuka ameshindwa karibu kila kitu.

Mwili hubadilika namna gani

Kuanzia miaka ya thelathini hivi, misuli ya mtu huanza kupungua polepole, kiasi cha sehemu 3 hadi 8 kwa mia katika kila miaka kumi. Baada ya miaka 60 upungufu huo huenda mbio zaidi. Kwa sisi wamama kuna jambo la pili. Damu ya mwezi inapokoma, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua, na mifupa huanza kuwa myepesi.

Mambo hayo mawili yakikutana, ni hatari. Misuli dhaifu huleta kuanguka, na mfupa mwepesi huvunjika hata kwa kuanguka kidogo. Katika mji wa milima kama Bukavu, ambako njia ya kupanda Kadutu inateleza mara tu mvua inyeshapo, tunajua wote maana ya mama mzee kuvunjika nyonga. Wengi hawarudi tena kutembea kama zamani.

Lakini si umri peke yake unaokula misuli. Sehemu kubwa huliwa na kukaa bila kuipa misuli kazi inayoiamsha. Sehemu hiyo tunaweza kuirudisha.

"Sisi tunabeba kila siku, mazoezi ya nini tena?"

Hilo ndilo neno la kwanza tunalolisikia tukitaja mazoezi, na lina ukweli ndani yake. Hakuna anayeweza kumwambia mama anayepanda mlima na mzigo mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, kwamba hafanyi kazi. Hata hivyo, kubeba kwa kutafuta chakula na kubeba kwa kujenga mwili ni vitu viwili.

Fikirini mtoto mgongoni. Siku anapozaliwa ana kilo 3 hivi. Akifika mwaka mmoja anakaribia kilo 9, na kwa miaka miwili anakaribia 12. Mama hakuanza na kilo 12. Alianza na 3, mtoto akaongeza kidogo kila mwezi, na mgongo wa mama na miguu yake ikaongeza nguvu pamoja naye. Hiyo ndiyo kanuni yote ya mazoezi ya nguvu: mzigo unaanza mdogo, unaongezeka kidogo kidogo, na mwili unapewa chakula na pumziko. Munganga mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliiandika kanuni hiyo katika mwaka 1945, baada ya kuitumia kwa askari waliojeruhiwa miguu, lakini mamá zetu waliiishi kabla yake.

Mzigo wa sokoni haufuati kanuni hiyo. Ni mzito tangu siku ya kwanza, hauna siku ya kupumzika, na mara nyingi hubebwa na tumbo tupu. Unachakaza magoti na shingo kuliko unavyojenga. Na mama mwingine hali yake ni kinyume: anaketi kwenye kigoda saa kumi mbele ya sambaza au maharagi yake. Kwake yeye, mtoto wa mwisho aliposhuka mgongoni, mzigo unaoongezeka ulikoma, na miguu ikaanza kulala.

Wataalamu wameona nini

Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, munganga Maria Fiatarone na wenzake waliwafundisha kuinua uzito wazee kumi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Wengi walidhani ni kuwaumiza bure. Baada ya majuma 8, kwa wale waliomaliza, nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa 174 kwa mia, maana yake karibu mara tatu ya zile za mwanzo. Wawili kati yao waliacha fimbo zao za kutembelea.

Mwaka 1994, wataalamu wengine wa Boston waliwafuata kwa mwaka mzima wanawake wa miaka 50 hadi 70 ambao damu ya mwezi ilikuwa imekoma. Waliofanya mazoezi ya nguvu siku mbili kwa juma walilinda mifupa yao, na wasiofanya walipoteza. Tuangalie vizuri: siku mbili tu.

Na mwaka 2021, kundi la watafiti, wengi wao wa Norway, lilikusanya yaliyojulikana juu ya watu wasio na nafasi ya mazoezi. Walisema kwamba miendo mitatu inatosha kuwa msingi: mmoja wa miguu, mmoja wa kusukuma, mmoja wa kuvuta. Kila kundi la misuli lipate angalau duru nne kwa juma. Shirika la Afya Duniani, OMS, nalo linashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa juma, na waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya usawa wa mwili.

Tuhesabu pamoja. Juma lina dakika 10,080. Tunaomba 50, mara mbili dakika 25. Ni chini ya dakika moja katika kila mia.

Kabla ya kuanza: jipimeni

Tafuteni kiti cha mbao kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kimo cha goti. Kiegemezeni ukutani. Ketini katikati, kunjeni mikono juu ya kifua, miguu chini. Mtu mmoja aangalie sekunde 30 kwenye simu. Inukeni mpaka kusimama wima, ketini tena, na kuhesabu kila mara mnapofika juu.

Mama wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, miguu yake iko chini ya wastani wa umri wake. Kwa miaka 65 hadi 69 ni chini ya 11, na kwa miaka 70 hadi 74 ni chini ya 10. Anayelazimika kujisukuma kwa mikono anaandika sifuri, na hakuna aibu: sifuri ndiyo namba inayopanda upesi kuliko zote. Andikeni tarehe na namba hiyo katika daftari. Asiyeandika achore mistari kwa makala ukutani.

Wengine wapite kwanza kituo cha afya: mwenye tansio ya juu isiyotibiwa, mwenye maumivu ya kifua, aliyevunjika mfupa karibuni, aliyepasuliwa fistula au tumbo, na mama ambaye kizazi chake kimeshuka. Huyu wa mwisho asifiche. Mzigo mzito unaweza kuzidisha hali yake, lakini munganga anaweza kumwonyesha mazoezi yanayomfaa.

Somo lenyewe, dakika 25

Chagueni siku mbili zenye pumziko kati yao, kwa mfano siku ya pili na siku ya tano ya juma. Vaeni pantalo chini ya kitenge, na vueni sandali zinazoteleza. Mnachohitaji ni bidoni mbili za lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mama ana mizani nyumbani. Maji hayapotei: mkimaliza, ndiyo ya kupikia. Maji yakiwa haba, tumieni mchanga mkavu, ambao lita yake ina kilo moja na nusu hivi.

Dakika 4 za kwanza ni za kupasha mwili: kutembea mahali pamoja, kuzungusha mabega, kuinama kidogo na kuinuka.

Halafu miendo minne, kila mmoja mara 8 mpaka 12.

1. Kuinuka kitini. Ketini na kusimama bila kutumia mikono. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasikutane ndani. Shukeni polepole, mkihesabu mpaka tatu, msijitupe. Anayeweza mara 12 kwa urahisi akumbatie kifuani bidoni yenye lita 2.

2. Kusukuma ukuta. Simameni hatua moja mbali na ukuta, mikono juu yake kwa kimo cha kifua. Kunjeni viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha sukumeni. Mwili ubaki umenyooka kama ubao. Ukuta ukiwa rahisi, hamieni kwenye meza imara, na baadaye kwenye kigoda kizito.

3. Kuokota bidoni. Wekeni bidoni mbili, moja kila upande wa miguu. Sukumeni makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio, magoti yakunjwe kidogo, mgongo unyooke. Shikeni, simameni wima, rudisheni chini. Bidoni zisizofikiwa kwa urahisi ziwekwe juu ya matofali. Huu ni mwendo wa kulinda mgongo, maana ndivyo tunavyopaswa kuokota kila kitu chini, hata mtoto.

4. Kuvuta bidoni. Wekeni mkono mmoja juu ya meza, inameni na mgongo ulionyooka, mkono wa pili ushike bidoni. Ivuteni mpaka kiunoni, ishusheni polepole. Mkimaliza mkono mmoja, badilisheni.

Siri ya kuokoa wakati iko katika mpangilio. Msikae kungoja baada ya kila mwendo. Fanyeni wa 1 wa miguu, halafu mara moja wa 2 wa mikono: mikono inapofanya kazi, miguu inapumzika. Pumzikeni dakika moja, rudieni yote mawili. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa wa 3 na wa 4. Hapo mmepata duru mbili za kila mwendo, na kwa siku mbili za juma ni duru nne, kama watafiti walivyosema.

Dakika 3 za mwisho ni za kutoanguka. Shikeni meza kwa kidole tu, inueni visigino mara 10. Kisha simameni kwa mguu mmoja sekunde 10, na kubadilisha. Hilo la mguu mmoja linaweza kufanywa kila siku wakati wa kungojea sufuria ichemke.

Pumzi: toeni hewa wakati wa kuinua, vuteni hewa wakati wa kushusha. Msizuie pumzi, kwa sababu kuizuia hupandisha tansio ghafula. Mnapomaliza duru, mnapaswa kujisikia kwamba mngeweza bado mara mbili tu. Kama mngeweza mara kumi zaidi, mzigo ni mdogo mno na misuli haikusikia kitu. Kama hamkuweza kumaliza mara 8, ni mkubwa mno.

Kuongeza kama likelemba

Likelemba haijazi kikapu kwa siku moja. Kila mama hutoa kidogo bila kukosa, na zamu yake hufika. Mazoezi nayo ni hivyo. Mkifika mara 12 katika duru zote mbili bila kuharibu mwendo, siku inayofuata ongezeni lita moja na kurudi kwenye mara 8. Panda tena mpaka 12, ongeza tena lita moja. Majuma ya kwanza nguvu zitapanda upesi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli. Misuli yenyewe huchukua miezi miwili au zaidi kujengeka. Ndiyo maana anayeacha juma la tatu hajaona kitu bado.

Siku ya malaria, siku ya homa, siku ya njaa: pumzikeni. Mkirudi baada ya juma moja au mawili, punguzeni lita moja au mbili na kuendelea. Kukosa siku moja hakuvunji likelemba. Kinachoivunja ni kutorudi.

Chakula cha misuli

Misuli hujengwa kwa protini. Wataalamu wengi hushauri mtu mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Ugali wa muhogo peke yake hauwezi kumfikisha huko, kwa kuwa muhogo una protini kidogo sana. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharagi yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Samaki wadogo waliokaushwa, kama ndakala, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wakiliwa na mifupa yao huleta pia kalisi kwa mifupa yetu. Soya na karanga zilizosagwa ndani ya sombe husaidia sana.

Hapa tuseme neno moja wazi. Katika nyumba nyingi mama hugawa samaki kwa baba, kisha kwa watoto, na yeye hubaki na mchuzi. Mama anayefanya mazoezi kwa mchuzi tu anajenga nyumba bila matofali. Aweke sehemu yake kwenye sahani kabla ya kugawa.

Maswali ya wamama

"Je, sitakuwa na mwili wa mwanaume?" Hapana. Homoni inayokuza misuli mikubwa ya wanaume ni kidogo sana kwetu. Mtakachoona ni miguu isiyotetemeka kwenye ngazi.

"Kesho yake nilisikia mapaja yanauma." Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha kwa siku mbili au tatu ni ya kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ndani ya goti, bega au mgongo, yanayochoma wakati wa kuinua, si ya kawaida. Acheni mwendo huo, na yakidumu mwone munganga.

"Nina miaka 70. Sijachelewa?" Wale wa Boston walikuwa na 90. Na kuna mama mmoja wa Baltimore, Marekani, Ernestine Shepherd, aliyezaliwa 1936. Alianza mazoezi akiwa na miaka 56, pamoja na dada yake. Mwaka 2010 kitabu cha Guinness kilimwandika kuwa mwanamke mzee kuliko wote katika mashindano ya kujenga mwili. Sisi hatutafuti medali. Tunatafuta kuinuka kutoka mkekani bila kuita mtu. Lakini mwanzo wake na wetu ni mmoja.

"Watu watanicheka." Peke yako, pengine. Mkiwa kumi, watauliza mnaanza saa ngapi. Ndiyo sababu tunapendekeza kila kundi lifanye somo moja kati ya mawili siku ya mkutano wake, kabla ya kuhesabu pesa. Kila mama aje na bidoni yake. Mmoja aongoze kuhesabu, mwingine aangalie migongo ya wenzake. Somo la pili kila mama alifanye nyumbani, na mjukuu ashike saa.

Kazi ya juma hili

Ya kwanza: kila mama aliyepita miaka 50 ajipime kitini na kuandika namba yake. Ya pili: afanye somo mara mbili, na bidoni nyepesi kuliko anavyodhani anaweza. Ya tatu: amwonyeshe mama mmoja mzee kuliko yeye, hata kama ni kuinuka kitini tu akishika meza.

Baada ya majuma 8 tujipime tena kwa kiti kile kile, na makatibu wa makundi watuletee namba mbili za kila mama, ya kwanza na ya pili, bila majina. Tutaziandika hapa zote, zilizopanda na zilizobaki palepale.